Siku Hukabidhiwa: Raha na Tabu katika Jina, Kanga, Barua na Wimbo

Utangulizi

Methali isemayo "mla ni mla leo, mla jana kala nini" hutumiwa kumsuta mtu anayejivunia karamu iliyokwisha kuliwa. Methali nyingine huagiza kwamba yaliyopita si ndwele, yagangwe yajayo. Kwa ushahidi wa methali hizi mbili peke yake, mtu angeweza kudhani kwamba Waswahili ni watu wasioithamini jana. Lakini jamii hiyo hiyo ndiyo inayomwita mtoto Tabu kwa sababu mamaye alimzaa katika tabu. Ndiyo inayoihifadhi kanga ya arusi ndani ya sanduku mpaka bibi arusi mwenyewe awe nyanya, na ndiyo iliyoimba kwa miaka mingi habari za mauaji ambayo mahakama ilikwisha kuyafungia jalada. Hapana budi basi kuuliza: jamii inayomkejeli mla jana huihifadhije jana yake, na kwa nini?

Jibu linalotolewa na insha hii ni kwamba siku haiwi ya kukumbukwa kwa sababu ya ukubwa wa tukio lake. Siku nyingi kubwa zimewatoka hata wale walioziishi, na siku nyingi ndogo zimedumu. Siku huwa ya kukumbukwa pale aliyeiishi anapoikabidhi kwa mtu mwingine kwa kutumia chombo kinachoweza kupokewa. Vyombo vinne vitaangaliwa hapa, navyo ni jina, kanga, maandishi na wimbo. Itaonekana kwamba vyote vinne havibagui kati ya raha na tabu: chombo kilekile kilichobeba kicheko ndicho kinachobeba kilio. Itaonekana pia kwamba anayepokea siku ya mwenzake hupokea na mzigo, na suala la haki ya mpokezi huyo si dogo.

Jina

Majina ya Kiswahili yanaweza kusomwa kama shajara ya jamii isiyohitaji kalamu. Idi na Mwanaidi huzaliwa sikukuu, Ramadhani huzaliwa mwezi wa mfungo, Chausiku huzaliwa usiku, na Masika hufika pamoja na mvua. Hayo ni majina ya majira, na kazi yake ni sawa na kazi ya kalenda. Lakini kuna majina mengine ambayo hayataji wakati, bali yanataja hali ya moyo wa mzazi katika wakati huo: Furaha, Faraja, Zawadi, Neema na Riziki kwa upande mmoja, Tabu, Shida, Mashaka na Sikitu kwa upande wa pili. Katikati yake wamo akina Subira na Sikudhani, ambao majina yao yanaonyesha kwamba mzazi alikuwa bado hajaamua kama acheke au alie.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba majina ya dhiki hayakutolewa kwa chuki. Mzazi aliyemwita mwanawe Mashaka hakumtakia mashaka. Alikuwa akiweka alama mahali alipopita, kama msafiri anavyokata gome la mti njiani ili ajue kurudi. Hata jina Mwanajaa, ambalo huweza kumshangaza mgeni kwa kuwa jaa ni mahali pa kutupia taka, lilitolewa kwa mapenzi makubwa. Aliyefiwa na watoto mmoja baada ya mwingine alimpa mtoto anayefuata jina la kitu kilichotupwa ili kifo kisimtamani. Katika jina hilo moja mna kumbukumbu ya waliokufa, hofu ya aliyezaa, na tumaini kwa aliyezaliwa. Ni nadra kupata wasifu unaosema mengi kiasi hicho kwa maneno machache namna hiyo.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mbeba jina si aliyeiishi siku ile. Tabu hakuiona tabu aliyoitiwa. Kila aitwapo shuleni, sokoni au mahakamani, siku ya mamaye hutajwa tena, naye huitika. Kwa njia hiyo siku huvuka kutoka kwa aliyeiona na kwenda kwa asiyeiona. Huko ndiko kukabidhi kunakokusudiwa katika insha hii.

Kanga

Si kwa bahati tu kwamba maneno yaliyopigwa chapa kwenye kanga huitwa jina. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na nguo isiyo na jina huhesabiwa na wengi kuwa imepungukiwa. Asili ya nguo hii ni leso zilizoshonwa pamoja na wanawake wa pwani katika karne ya 19. Neno leso lenyewe lilitokana na Kireno, na mpaka leo Mombasa hulitumia ambapo kwingine husemwa kanga. Majina yalifuata baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilijulikana sana kwa kanga zenye majina, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ikawa maarufu katika mwambao.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuyachunguza majina ya kanga kama methali, mafumbo au vijembe. Uchunguzi huo ni wa haki, lakini unaangalia maneno zaidi kuliko mwendo wa nguo yenyewe. Doti ya kanga hutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hutolewa kwa bibi arusi, hupelekwa kwa mzazi aliyejifungua, hugawiwa katika sherehe, na hutandikwa au kujifunikiwa matangani. Kipande kimoja humbeba mtoto mgongoni na kipande cha pili humfunika mamaye kichwani. Ikichakaa huwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria. Hakuna hatua ya maisha ya mwanamke wa pwani, ya juu wala ya chini, ambayo kanga haikuifika.

Kwa sababu hiyo, mwanamke anapofungua sanduku lake na kuzitoa kanga moja moja, huwa anasoma. Hii alipewa na mawifi siku ya tatu ya fungate. Hii alijifunga siku alipopewa habari za msiba, na tangu siku hiyo hakuivaa tena, wala hakuitoa. Hii ilinunuliwa kwa fedha ya kwanza aliyoichuma kwa mkono wake. Jina lililochapwa kiwandani ni moja kwa maelfu ya doti, lakini siku iliyofungwa ndani ya kila doti ni moja tu. Nayo haitajulikana na mtu mwingine ila mwenye sanduku aisimulie. Binti anayerithi sanduku bila masimulizi hurithi nguo. Binti anayerithi nguo pamoja na masimulizi hurithi maisha ya mama yake. Tofauti kati ya warithi hao wawili ni alasiri chache tu za mazungumzo, na kwa bahati mbaya alasiri hizo huahirishwa kirahisi mno.

Barua na Shairi

Maandishi nayo yana mfano mkubwa katika maisha ya Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kazi ya ukarani wa serikali ya kikoloni: alianza katika idara ya forodha mwaka 1926, akakaa Pangani kwa muda mrefu, akahamishiwa Mpwapwa mwaka 1944 katika idara ya mifugo, kisha akarudi Tanga. Kwa kipimo cha nje hayo ni maisha ya kawaida ya mtumishi, yenye uhamisho, mshahara mdogo na wakubwa wa kutiiwa. Lakini Maisha Yangu yanamwonyesha mtu aliyekataa siku zake zipite bila kupewa umbo.

Kifo cha mkewe Amina ni ushahidi ulio wazi kuliko wote. Wahakiki wamelisifu shairi alilomtungia kama kielelezo cha tanzia ya Kiswahili, na sifa hiyo inastahili. Lakini mara nyingi shairi hutengwa na wasifu na kufundishwa peke yake, kana kwamba lilianguka kutoka mbinguni. Likisomwa mahali pake, huonekana kuwa ni tendo la mtu ambaye siku ilimzidi nguvu. Amina ndiye anayesemeshwa. Maneno yanaelekezwa kwake moja kwa moja ingawa hawezi tena kuyapokea. Kwa kuwa mpokezi aliyekusudiwa hayupo, msomaji hujikuta amepewa amana isiyokuwa yake. Ndiyo maana mwanafunzi ambaye hajapata kufiwa huweza kulisoma shairi hilo darasani na kunyamaza. Amekabidhiwa siku ya mtu mwingine.

Shaaban Robert hakuyakabidhi machungu peke yake. Katika kitabu hicho hicho aliweka tenzi mbili za wosia, Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Baba aliyekuwa mjane hakuona kwamba huzuni ilimpa ruhusa ya kusahau kilichobaki. Tanzia kwa aliyekwenda na wosia kwa waliosalia vilikaa ndani ya jalada moja. Hilo ni fundisho kwa wale wanaodhani kwamba kuthamini siku njema ni kuzifukuza siku mbaya. Siku njema zilizotengwa na mbaya hukosa ladha kama chakula kisichotiwa chumvi, na siku mbaya zilizotengwa na njema hukosa mpaka.

Kuna maandishi mengine ya Shaaban Robert ambayo yanalihusu suala hili kwa karibu zaidi. Kati ya mwaka 1931 na 1958 alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, yaani miaka 40 baada ya mwandishi wake kufariki. Barua ya ndugu kwa ndugu huandikwa kwa haja ya siku ileile. Haidai kudumu. Anayeipeleka posta huachana nayo, na uhai wake huwa mikononi mwa aliyeipokea. Kama Yusuf Ulenge angeziwashia moto, au angeziacha mchwa wazile, hakuna ambacho Shaaban Robert angeweza kufanya kuziokoa. Sifa za mwandishi husemwa sana, lakini sifa za mtunzaji husemwa kidogo. Kwa hakika miaka 27 ya barua hizo ni kazi ya watu wawili.

Wimbo

Shaaban Robert naye alipata kuwa mpokezi. Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ni matokeo ya mtu mmoja kukubali kubeba maisha ya mwingine. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, ambako alijifunza uimbaji. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kutia sauti katika santuri, na kwa santuri hizo Kiswahili kilisikika majumbani ambako hakuna aliyepata kumwona. Alifariki mwaka 1950.

Waliomwonea kijicho walimbeza kwa nasaba yake na kwa sura yake. Jibu lake halikuwa kuificha dharau hiyo, bali kuigeuza wimbo, na wimbo huo ukawa mali ya kila aliyewahi kudharauliwa. Lakini ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya wimbo ni ule ujulikanao kwa jina la Kijiti. Wimbo huo unasimulia habari za mwanamke mjamzito aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam, akatolewa matembezini na kuuawa. Muuaji alitorokea bara. Waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani.

Jalada la kesi lina lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa imekwisha kusema neno la mwisho. Wimbo ukasema neno jingine baada ya hilo la mwisho. Walioimba na walioitikia hawakuwa na uwezo wa kumkamata muuaji wala kuwafungulia waliofungwa. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kukataa kwamba usiku ule usahauliwe kwa namna ambayo hakimu aliuandika. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kuifanya siku iwe ya kukumbukwa si anasa ya wenye nafasi. Kwa mnyonge, huenda ikawa ndiyo haki pekee iliyosalia.

Mzigo wa Mpokezi

Pingamizi moja kubwa halina budi kujibiwa. Kama siku hukabidhiwa, ni nani aliyempa mzazi idhini ya kumtwika mwanawe tabu zake? Kusahau nako si ni rehema? Wapo watu waliolemewa na majina yao, na zipo nyumba ambamo msiba mmoja umesimuliwa mpaka watoto wakakosa mahali pa kuweka furaha yao. Pingamizi hili ni la kweli, na methali za mla jana na ya ndwele zilitungwa kwa ajili ya nyumba kama hizo.

Jibu linapatikana katika vyombo vyenyewe. Jina hubadilishwa. Aliyezaliwa Mtumwa aliitwa Siti, neno la heshima kwa bibi mwungwana, na jina hilo ndilo lililochapwa kwenye santuri. Hata hivyo jina la kwanza halikufutika, kwa kuwa kila anayesimulia habari zake hulitaja, na bila hilo jina la pili lisingekuwa na uzito. Kanga nayo hupauka, na mwenye kuirithi ana ruhusa ya kuikata vipande viwili na kumbebea mtoto. Wimbo huimbwa kwa sauti mpya. Mpokezi basi si ghala. Ana haki ya kuitumia siku aliyopewa, kuigeuza, na hata kuipumzisha. Asichokuwa na haki nacho ni kudai kwamba hakupewa.

Katika zama hizi hofu iliyopo si ya kukumbuka kupita kiasi. Zamani familia ilikwenda studio mara moja kwa miaka kadhaa, ikasimama mbele ya pazia, na picha iliyopatikana ikaandikwa nyuma tarehe na neno la ukumbusho kabla ya kupelekwa kwa jamaa wa mbali. Picha hiyo ilikuwa moja, lakini ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na mpelekewa. Leo simu moja ya mkononi huchukua picha mia katika arusi moja. Zote huhifadhiwa, na chache mno hukabidhiwa. Simu ikipotea au ikiharibika, siku hiyo mara nyingi hupotea nayo. Kuhifadhi bila kukabidhi ni sawa na kuandika barua na kuiacha mezani.

Hitimisho

Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee watu wa taaluma ya Kiswahili. Tangu kurekodi kwa kanda kuwezekane, watafiti wamekwenda vijijini na mitaani, wameketi na wazee, na wamepokea masimulizi, tenzi na nyimbo. Mzee anayekubali kusema mbele ya chombo cha kurekodia hatoi data tu. Anatoa siku zake: njaa aliyoiona, ngoma aliyoicheza, mtoto aliyemzika. Mara nyingi hufanya hivyo kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliyemwuliza. Tasnifu huandikwa, shahada hutolewa, na kanda huwekwa kabatini, ambako utepe hunata kwa unyevu mpaka sauti haitoki tena. Mtafiti wa namna hiyo amekuwa kama Yusuf Ulenge aliyepokea barua, lakini hakuzitunza.

Kurekebisha hali hiyo hakuhitaji nadharia mpya. Kunahitaji kanda zihamishwe kwenye vyombo vinavyosikika leo, jina la msimulizi litajwe palipo na idhini yake, na nakala moja ya sauti irudishwe katika nyumba ilimotoka. Wajukuu wataisikiliza. Baadhi yao watacheka, wengine watainuka na kutoka nje, na huenda mmoja akaomba isikizwe tena toka mwanzo. Kwa huyo mmoja, siku ya mzee itakuwa imefika.